Lowri Elis Ametutoka

Borth-y-Gest, Wales
6 Septemba 1885

Kaka yangu Ifan,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na Mungu akujalie zikukute huko Patagonia ukiwa na afya na ngano ghalani. Mimi sijambo, ila miguu. Imeanza tena kujaa maji kila jioni, nikibonyeza kidole kinaacha shimo kama kwenye unga uliokandwa. Daktari anasema nisisimame sana. Nikamuuliza, kuku wangu atawalisha yeye? Viazi vimekubali mwaka huu. Marged Puw, mke wa nahodha, amepata mjukuu mwingine na hatupumui, kila anayepita njiani lazima aitwe ndani akaitazame pua ya mtoto. Mchungaji wetu bado anahubiri mpaka vyakula vinaungua majumbani.

Sasa habari za jina langu, merikebu ya baba. Lowri Elis amepakia mawe ya kuezekea na ameondoka Alhamisi kwenda Hamburg. Kutoka huko atashuka Cadiz kuchukua chumvi, kisha atavuka kuipeleka Newfoundland kwa wakausha samaki. Unakumbuka watu wa hapa wanavyosema? Merikebu za dunia nzima huwa imefika, imeondoka. Za kwetu amefika, ameondoka, kama mtu aliyekwenda dukani. Juzi niko kwa fundi viatu, mzee Siôn akaingia na sauti yake ile. "Lowri Elis anavuja nyuma! Wamemziba kwa katani na lami, wapi!" Fundi viatu akanitazama. Nikamwambia, "Usinitazame mimi, mimi niko mkavu." Duka zima likavunjika mbavu.

Lawama ni za baba. Angeweza kuiita jina lolote. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimesimama pale ufukweni na chupa ya maji mkononi kwa sababu kanisa lilikataa divai, na chupa ikagoma kuvunjika mpaka wewe ukaichukua ukaipiga kwenye omo, mbele ya merikebu, kwa hasira. Mwaka huo huo ndio aliozaliwa mwanao Gwilym. Tangu hapo sijawahi kuwa na jina langu peke yangu. Nikiugua watu huuliza ni yupi.

Mwanao yuko naye baharini safari hii, baharia kamili, si mpishi tena. Amekuwa mrefu, anainama mlangoni. Umeuliza katika kila barua lini atakuja kwako. Nimemfikishia. Amesema safari hii ikiisha atakuja. Ni maneno yake, mimi sikumshika mkono. Lakini nawe, Ifan, usiniandikie kana kwamba nimemfungia kabatini. Mkeo Gwen alipofariki ukaenda zako, uliniachia mtoto wa miaka saba ukasema miaka miwili. Sasa ni kumi na moja. Sikulaumu, ukame wa huko ulikuwa ukame na ulinieleza. Nasema tu nani aliyemsomesha.

Anakusalimu. Kabla ya kuondoka alikula mkate wa shayiri mzima na mtindi, akaniuliza kama upo mwingine.

Mimi dada yako,
Lowri


Gaiman, Bonde la Camwy, Patagonia
10 Januari 1886

Mdogo wangu Lowri,

Nimefurahi kusikia mko wazima, na miguu yako uipumzishe, kuku hawajawahi kumpigia mtu makofi kwa kusimama. Mimi nina nguvu zote. Mto ulijaa Oktoba ukavunja ukingo wa mfereji wetu, tukauziba wanaume wote wa bonde pamoja na mchungaji aliyekuja na koti lake jeusi akatoka amekuwa wa rangi ya tope. Ngano imesimama. Joto la Januari hapa lingekukausha hiyo miguu.

Umenichekesha na fundi viatu. Nimewasomea majirani kipande hicho, nao wakacheka, ingawa ilibidi niwaeleze mara mbili. Wengi hapa ni watu wa mashambani na machimboni, merikebu kwao ni kitu kilichowatapisha wakati wa kuja. Mimi mwenyewe ni siku nyingi sijaona tanga. Lakini ubavu wa kushoto wa Lowri Elis mbao zake nilizipiga randa mimi, mwaloni mtupu, baba amesimama nyuma yangu akitafuta kosa. Alilikosa. Waambie kama anavuja si ubavu wa kushoto.

Sasa mwanangu. Nimemjengea chumba, Lowri. Kina kitanda, na kitanda nimekipima kwa urefu wangu nikaongeza, maana umesema anainama mlangoni. Nimewatangazia watu. Wasichana wameanza kuja kuniazima chumvi ambayo kwao ipo, wanachungulia.

Nitasema na usikasirike. Kila ukiandika "mwanao" husema kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani shingo upande. Najua umechoka naye na umezoeana naye, vyote viwili. Lakini mimi nina miaka arobaini na mitatu, sina mke, sina mtoto mwingine, na sitaki aje kunizika tu. Nataka aje tugombane juu ya mifereji. Akirudi safari hii mfungie njia ya baharini. Mwambie baba yake anasema imetosha.

Kaka yako,
Ifan


Borth-y-Gest
21 Machi 1886

Kaka Ifan,

Natumai u mzima. Barua yako imefika jana. Mimi sijambo.

Majira ya baridi yamekuwa mabaya. Upepo uliondoa mawe kwenye paa la kanisa, na mti wa tufaha wa baba umeanguka juu ya banda la kuku. Hawakufa, ila wamegoma kutaga. Mjukuu wa Marged ameota jino.

Gwilym hajaandika. Unajua mwenyewe vijana na kalamu, na posta ya Newfoundland wakati wa barafu si posta. Waliondoka Cadiz na chumvi mwanzoni mwa Desemba. Watu wa Gwenllian, merikebu ya hapa hapa bandarini, walikutana nao katikati ya bahari kabla ya Krismasi, wakapungiana mikono. Kwa hiyo mpaka hapo walikuwa wazima. Wengine wanasema huenda barafu imewafungia kwenye kisiwa fulani kisicho na posta. Imewahi kutokea.

Mchungaji anawaombea kila Jumapili jioni, merikebu moja moja kwa jina, kama tulivyozoea. Jina langu lipo.

Chumba ulichomjengea kina dirisha? Hukuandika. Hapendi kulala pasipo dirisha, tangu mdogo. Kama hakina, toboa.

Sina mengine. Kuhusu sufuria sikukasirika.

Lowri


Gaiman
27 Juni 1886

Kwa Gwilym Elis, nyumbani kwa marehemu Lowri Elis, Borth-y-Gest

Mwanangu Gwilym,

Natumai umerudi salama na barua hii umeipokea kwa mkono wako. Sijui kama ulikuwa bado baharini shangazi yako alipofariki, au uliwahi kumwona. Nakuwazia umeingia mlangoni na mzigo begani, unamwita, na jiko ni la baridi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba hapakuwa na mtu wa kukukalisha chini akwambie.

Mimi nimeambiwa dukani. Amekuja fundi saa kutoka kwenu, Edmwnd Rolant, alitua wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nanunua misumari. Akaniuliza, "Wewe ndiye Ifan Elis wa Borth-y-Gest?" Nikasema ndiye. Akavua kofia. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Lowri Elis ametutoka."

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Alikuwa amechoka siku nyingi, kila mtu aliona. Mwisho maji yalimzidi. Bandari nzima ina msiba, Ifan." Nikaikumbuka ile miguu yake. Alikuwa akiniandikia, nami nikamfanyia mzaha. Edmwnd alitaka kuendelea, nikamwacha mdomo wazi, nikatoka na misumari ya watu bila kulipa. Kesho yake alikwisha panda gari la farasi kwenda juu bondeni, na sikumfuata. Kujua zaidi kungenisaidia nini?

Wiki iliyofuata ikaja barua. Mwandiko wake, mhuri wa Machi. Barua ya mtu aliyekufa, Gwilym. Nimeiweka juu ya rafu na sijaifungua. Nikiifungua atakuwa amemaliza kusema nami.

Alikuwa na ulimi wa shubiri na hakuna mtu niliyempenda kama yeye tangu mama yako. Barua yangu ya mwisho kwake ilikuwa ya kejeli. Nililia kama ng'ombe, mbele ya majirani, sioni haya kukuambia. Kanisani wamemwimbia. Nimefunga kitambaa cheusi mkononi na nitakaa nacho mwaka mzima.

Wewe mlilie, ndivyo inavyopasa, lakini usivunjike. Alikuwa shangazi mwema ila hakuwa mama yako. Mama yako ni Gwen, na baba unaye. Sasa huna kinachokushika huko. Wape jirani kuku, funga nyumba, upande meli ya kwanza ya Buenos Aires. Chumba kiko tayari. Nitakusubiri gatini, nami ndiye nitakayekuwa na kitambaa cheusi, maana naogopa hutanitambua.

Baba yako,
Ifan Elis


Borth-y-Gest
3 Oktoba 1886

Kaka,

Mimi ni mzima. Ni mimi Lowri, kwa mkono wangu mwenyewe, na miguu yangu ile ile. Sijafa.

Umesahau lugha ya nyumbani, Ifan. Aliyetutoka si mimi. Ni yule aliyejengwa na baba.

Na Gwilym alikuwa ndani yake.

Nimeandika. Nimeacha kalamu, nimekwenda kuwatazama kuku, nimerudi, na bado yameandikwa.

Barua yako kwake ililetwa mchana na mtoto wa posta, akaiweka mezani bila kunitazama, kwa sababu ya jina la Gwilym lililokuwa juu. Nilidhani umejua, na kwamba umewehuka kwa huzuni ukaamua kumwandikia. Niliifungua. Nimesoma jinsi nilivyokuwa mwema baada ya kufa. Ningependa kusifiwa hivyo nikiwa hai, lakini si kwa bei hii. Nilikaa na barua yako mapajani mpaka giza. Nilikuwa nimekuandikia mara tatu tangu Aprili na mara tatu nimechoma. Nikawa najiambia Patagonia ni mbali, acha aendelee kuwa na mtoto mwezi mmoja zaidi, kisha mwezi mwingine. Kumbe wewe huko umevaa nyeusi kwa ajili yangu.

Sasa nitakuambia yote, na kile nilichokuficha mwezi wa Machi. Watu wa Gwenllian hawakupungiana nao mikono tu. Walisogeleana kiasi cha kusikizana. Nahodha Puw, mume wa Marged, alipaza sauti kwamba pampu hazijapumzika tangu visiwa vya Azores, na kwamba barafu imeanza kuganda kwenye kamba. Akaulizwa kama anataka kuwatoa watu wake. Akacheka, akasema, "Lowri nimemzoea, ana kelele lakini hafi." Msaidizi wa nahodha wa Gwenllian amekuja kuniambia haya mwenyewe, kofia mkononi. Anasema kijana mmoja mrefu alikuwa juu kwenye foromali, mti wa tanga, akiivunja barafu kwa rungu, akiimba. Hakumtambua uso, amejifunga mpaka machoni. Nilimuuliza alikuwa akiimba sauti gani. Akasema nzito. Basi ni yeye. Theluji ikashuka katikati yao, na ilipoondoka hawakuonana tena. Hakuna ubao ulioletwa na bahari, hakuna hata kamba. Watu wanane na chumvi, basi.

Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba tumekata tamaa. Ilikuwa Jumapili jioni mwezi wa Aprili. Unajua mchungaji anavyozitaja merikebu kwa mpangilio, na Lowri Elis huwa wa nne, baada ya Ebeneser. Akamtaja Mair Wyn. Akamtaja Gwenllian. Akamtaja Ebeneser. Nikainua kichwa kama mtu anayeitwa darasani. Akavuta pumzi, akaenda kwa wa tano. Marged Puw, aliyekaa mbele yangu, akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Huyo fundi saa wenu alikuwa amekaa benchi la nyuma. Akaja na habari hiyo kwako akidhani utaelewa anamsema nani. Usimlaumu. Angeongeaje? Ndivyo tunavyoongea.

Siku hizi watu hawaniiti jina. Husema "yule mama", "bibi wa pale juu". Ukisema Lowri Elis mbele ya duka kuna mjane atageuka. Nimekuwa mtu asiye na jina kwa sababu jina langu limezama na watoto wa watu.

Kuna jambo moja, kisha namaliza. Umemwandikia kwamba sikuwa mama yake. Ni kweli. Gwen ndiye aliyemzaa, na kaburi lake nilikuwa nikimpeleka kila mwaka kulipalilia. Lakini aliniita Mama, Ifan. Tangu ana miaka minane. Sikumfundisha. Alianguka ukutani akaumia goti, akaingia ndani analia, akaniita hivyo, nami nikaitika. Alipokuwa akikuandikia nilimsimamia begani aandike "shangazi", kwa sababu sikutaka ulisome neno lile peke yako huko mbali. Alikuwa akiniuliza, "Kwa nini tumdanganye?" Nikamwambia andika.

Ulisema naandika "mwanao" kama mtu anayerudisha sufuria. Nilikuwa najifunza kulitamka.

Lowri


Gaiman
30 Januari 1887

Dada yangu Lowri,

Barua yako ilifika Jumamosi, siku ambayo watu wa bonde hukusanyika dukani kungoja mfuko wa posta. Mwenye duka aliinyanyua, akasoma jina langu, na mimi nikaona mwandiko. Niliipasua nikasoma mstari wa kwanza, nikapiga kelele, "Ni mzima! Lowri ni mzima!" Nilikirarua kile kitambaa cheusi mkononi. Watu walinikumbatia, mzee Tomos akaanzisha wimbo wa shukrani na wote wakaupokea, sauti nne, mpaka farasi nje wakashtuka. Nikasimama katikati yao nikiimba na barua juu ya kichwa.

Wimbo ulipokwisha mke wa Tomos akasema, "Tusomee basi, anasemaje?" Nikasoma kwa sauti. Kwenye mstari kwamba nimesahau lugha ya nyumbani, wakacheka. Halafu nikasoma uliofuata. Niliusoma kwa sauti ile ile ya furaha, Lowri, kwa sababu mdomo ulikwisha anza. Ni baada ya kulisikia jina lake ndipo nilijua nimesema nini. Hakuna aliyetoka dukani. Mke wa Tomos alikiokota kile kitambaa chini, akanifunga tena mkononi, polepole, kama anamvalisha mtoto.

Edmwnd Rolant ameshuka kutoka juu bondeni kuja kunishika mkono. Nimemwambia nilichoelewa siku ile. Amekaa chini kwenye ngazi yangu akajifunika uso. Pole aliyonipa ilikuwa ya Gwilym, nami nikaichukua nikakulilia wewe. Hata utani wa fundi viatu uliwahi kuniandikia, nikawasomea watu, nikacheka.

Nimeifungua barua yako ya Machi. Dirisha lipo. Linatazama mtoni.

Sijui kulia, ndilo linalonisumbua. Machozi yote nilikulilia wewe mwezi wa Juni. Nakaa nimngoje Gwilym aje moyoni nimlilie, na anayekuja ni mtoto wa miaka saba hana meno ya mbele, ameshika ukingo wa koti langu gatini Liverpool. Huyo hajafa baharini. Huyo nilimwacha mimi. Yule aliyekuwa juu kwenye barafu akiimba sauti nzito sijawahi kuonana naye. Sikujua hata kama anaimba. Nimempoteza mtu ambaye ungeniweka naye chumba kimoja nisingemtambua, na nimekuwa nikimwita wangu katika kila barua kwa miaka kumi na miwili.

Usiku wa Jumapili iliyofuata mchungaji wetu alisimama kuomba. Akasema, "Tumkumbuke ndugu yetu Ifan, aliyefiwa na mwanawe." Nikasimama kwenye benchi langu, kitu ambacho hakifanyiki, na nikamwambia, "Taja na mama yake." Akaniangalia kwa huruma, akadhani nimechanganyikiwa. Akasema, "Gwen ametangulia, Ifan." Nikasema, "Si Gwen. Taja Lowri Elis. Yuko hai, yuko Borth-y-Gest, na hakuna aliyempa pole." Watu wakageuka. Mchungaji akakutaja, jina lote, kwa sauti, mbele ya bonde zima, na wakasema Amina.

Wamenipa pole watu wengi kuliko ninavyostahili, Lowri. Nimeshikwa mikono mpaka imeuma. Lakini wewe umekaa huko mwaka mzima unaitwa shangazi wa marehemu, na mimi mwenyewe, kaka yako, sijakuambia neno hata moja.

Basi nakuambia. Pole, dada yangu. Pole sana kwa kufiwa na mwanao.

Kaka yako,
Ifan